Siku za Mgonjwa Hubebwa na Nani?

Mwaka jana, mwezi wa Machi, mama yangu aliugua homa ya mapafu. Tunaishi Kimihurura, upande wa Rugando, si mbali na lile Jumba la Mikutano ambalo usiku linawaka rangi za bendera. Mama anafanya kazi katika mkahawa mmoja wa huko huko Kimihurura: anamenya viazi, anaosha masufuria, na jioni anapiga deki. Muuguzi alipomwambia apumzike wiki tatu, hakuuliza habari ya dawa wala chakula. Aliuliza maneno mawili tu: "Na kazi?"

Dawa haikuwa tatizo. Tulikuwa tumelipa mituweli, faranga 3,000 kwa kila mtu kwa mwaka, na pale kituo cha afya tulitoa faranga 200 tu. Kilichomnyima mama usingizi ni wale wasichana wanaopita mlangoni mwa jiko karibu kila asubuhi kuulizia nafasi. Usiku wa pili, katikati ya kikohozi, aliniita. "Binti yangu, kesho nenda wewe ukanishikie nafasi. Usiseme ni mapafu. Sema ni mgongo." Alijua kwamba mtu wa jikoni akitajwa mapafu, hata akipona, watu wataanza kuangalia sahani zao.

Nilikwenda siku 19. Nilikosa vipindi vingi chuoni, na kimoja kati ya hivyo kilihusu kazi za lazima katika Rwanda ya zamani. Nilipoazima daftari la mwenzangu ili ninakili, nilikuta mstari mmoja ulionifanya niweke kalamu chini. Insha hii imetoka katika mstari huo.

Ulihusu uburetwa, kazi ambayo wakulima walimfanyia chifu wa kilima kwa sababu ya ardhi waliyolima. Ilienea katika enzi ya Mwami Rwabugiri, aliyefariki mwaka 1895. Sitaki kuipamba. Ilikuwa kazi bila malipo, ilidhalilisha, na uchungu wake umebaki katika historia ya nchi hii. Lakini mstari wenyewe ulisema hivi: mwanzoni deni la uburetwa lilikuwa la ukoo au la nyumba, si la mtu mmoja mmoja. Chifu alidai mtu wa kulima. Nani atakuja, nyumba ilijipangia. Aliyeugua alibaki kitandani, ndugu yake akashika jembe. Wabelgiji, walioingia mwaka 1916 baada ya kuwafukuza Wajerumani, walibadilisha jambo hilo katika mageuzi yao ya miaka ya 1920 na 1930. Wakahesabu vichwa. Kila mwanamume mzima akawa na deni lake mwenyewe, mwili wake mwenyewe, siku zake mwenyewe.

Nilisoma hayo mikono ikiwa bado inanuka sabuni ya vyombo. Mimi na mama tulikuwa tumefanya jambo la kabla ya Wabelgiji: tulikuwa tumejifanya nyumba yenye deni moja.

Kuna mambo mengine mawili ambayo kilima kilikuwa nayo. La kwanza ni ingobyi, machela ya kubebea wagonjwa mabegani. Majirani walijipanga, leo wewe, kesho mimi, kumfikisha mgonjwa kwa mganga, na baadaye hospitalini. La pili ni ubudehe, kulima pamoja shamba la mwenzao ili msimu usimpite. Ukiyatazama vizuri, ni majibu ya maswali mawili tofauti. Ingobyi inauliza nani ataubeba mwili wa mgonjwa. Ubudehe unauliza nani atabeba kazi yake anapokuwa amelala. Naomba msomaji ashike maswali hayo mawili, maana ninavyoona mimi, historia yote iliyofuata ilijitahidi sana kujibu la kwanza na ikalikimbia la pili.

Mfano ulioniuma zaidi ni wa Wajerumani. Tarehe 15 Juni 1883, katika utawala wa Bismarck, Ujerumani ilipitisha sheria ya bima ya ugonjwa kwa wafanyakazi. Haikuishia kwenye daktari na dawa. Mfanyakazi aliyeugua alilipwa nusu ya ujira wake kuanzia siku ya tatu, hadi wiki 13. Mchango ulitoka theluthi mbili kwa mfanyakazi na theluthi moja kwa mwajiri. Kwa hiyo ugonjwa wa kawaida kabisa, uliotoka nyumbani na si kiwandani, ulipata mtu wa kuubeba. Sasa, mtu aliyeianzisha Kigali kama makao ya utawala, Richard Kandt, Mkazi wa kwanza wa Kijerumani tangu 1907, alikuwa nani kwa taaluma? Daktari. Nyumba yake ni jumba la makumbusho leo, upande wa pili wa bonde ukitazama kutoka kwetu. Daktari huyo alitoka katika nchi ambayo kwa zaidi ya miaka 20 ilikuwa imewalipa wagonjwa siku zao. Misafara ya Wajerumani ilileta huku bendera, askari, kodi, na hata Kiswahili hiki ninachoandikia. Sheria ya 1883 haikupakiwa kwenye mizigo.

Chini ya Wabelgiji watu wa Ruanda-Urundi walianza kwenda mbali kutafuta ujira, au kutafutiwa. Kuanzia mwaka 1925 kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga iliajiri maelfu yao kwa ajili ya migodi ya shaba. Hawakuzoea chakula cha kule, wala hewa, wala kazi ya namna ile, na wengi walikufa kwa maradhi. Kampuni ilishtuka, kwa sababu mfanyakazi aliyekufa ni hasara. Ikajenga hospitali, ikaboresha posho, ikaanza kuchagua wanaume wenye nguvu tu, na kuanzia mwaka 1928 ikawapa mikataba ya miaka mitatu wakae na wake zao. Vifo vikapungua. Ni maendeleo, siwezi kukataa. Lakini mwili ulitibiwa ili urudi kazini, na usioweza kurudi kazini ulirudishwa kwao. Bei ya shaba ilipoanguka katika miaka ya 1930, hata wazima walirudishwa.

Wengine walielekea mashariki, Tanganyika. Huko lugha ya Kiswahili iliwapa jina, manamba, kutokana na namba ambazo watu walipewa walipoandikishwa kwa ajili ya mashamba ya mkonge. Mshahara ulifuata kipande, yaani kadi yenye siku 30 za kazi. Ukifanya kazi, siku yako inatiwa alama. Alama zikitimia 30, unalipwa. Ukiugua, hakuna anayekutukana wala kukufukuza. Nafasi kwenye kadi inabaki tupu tu, na mwezi wako unarefuka. Nimefikiria sana kadi ile. Haina mahali pa kuandika "mgonjwa". Ina siku iliyofanywa na siku isiyokuwepo.

Labda msomaji atasema hayo ni ya ukoloni, yamepita. Tazama basi mlolongo wa taasisi zetu. Mwaka 1956 Wabelgiji walitoa amri ya pensheni kwa wafanyakazi wa Kongo na Ruanda-Urundi. Rwanda ilipopata uhuru mwaka 1962, sheria ya tarehe 15 Novemba mwaka huo huo ilipanga hifadhi ya jamii, na Caisse Sociale ikafanya kazi ya kulipa wazee na walioumia kazini. Sheria ikafanywa upya mwaka 1974. Baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya 1994, nchi ilianza tena kutoka kwenye majivu: mituweli ilijaribiwa mwaka 1999 katika maeneo matatu, Byumba, Kabgayi na Kabutare, kisha ikaenea nchi nzima, nayo ikapata sheria yake mwaka 2007. Hiyo ndiyo ingobyi mpya, nami naisifu bila haya, maana ndiyo iliyomtibu mama. Mwaka 2010 bodi moja, RSSB, ikaundwa kuchukua pensheni na bima pamoja.

Katika orodha hiyo ndefu, mkono ukikatwa na mashine kazini, kuna mfuko. Ukizeeka, kuna mfuko. Ukipata homa ya mapafu iliyokuja na mvua za Machi, kuna mfuko wa dawa, lakini wa ujira hakuna. Siku za mgonjwa wa kawaida zimeachwa kwa mwajiri. Sheria ya kazi Na. 66/2018 ya tarehe 30 Agosti 2018, iliyopitishwa na Bunge ambalo jengo lake liko Kimihurura, inatambua likizo ya ugonjwa kwa cheti cha daktari. Majirani nao wamefanya hivyo. Tanzania, kwa sheria ya 2004, inampa mfanyakazi siku 126 katika mzunguko wa miezi 36, nusu ya kwanza kwa mshahara kamili na nusu ya pili kwa nusu mshahara. Kenya, kwa sheria ya 2007, inatoa angalau siku saba za mshahara kamili na saba za nusu mshahara kwa mwaka, kwa aliyekwisha fanya kazi miezi miwili mfululizo. Tofauti kati ya 126 na 14 ingetosha insha nyingine. Ila kote kuwili anayelipa ni yule yule mwajiri, naye ndiye mwenye jiko na ndiye anayewaona wale wasichana mlangoni.

Kwa mwenye mkahawa mdogo, mgonjwa mmoja ni mishahara miwili: wa aliyelala na wa aliyekuja badala yake. Nilimchukia bosi wa mama kwa siku tatu za kwanza. Siku ya nne nilimwona akihesabu faranga za sokoni mara mbili, kisha akairudisha kuku moja. Sikumpenda baada ya hapo, lakini nilielewa kwamba sheria ilikuwa imempa mzigo na kumwacha njiani nao peke yake.

Na je, kuna njia nyingine? Ipo, na ilipita karibu nasi. Zamani si nyingi, mwanamke aliyejifungua hapa nchini alilipwa na mwajiri mshahara kamili kwa wiki sita za mwanzo, na kwa wiki sita zilizobaki alipata asilimia 20 tu, isipokuwa akirudi kazini. Wengi walirudi na maziwa yakiwalowesha nguo. Mwaka 2016 ikaja sheria ya mfuko wa uzazi: mwajiri anachangia asilimia 0.3 ya mshahara, mfanyakazi 0.3, na wiki sita za mwisho zikawa zinalipwa kutoka mfukoni humo. Asilimia 0.6! Ubudehe umerudi kwa hesabu ya desimali. Kilichowezekana kwa mama aliyejifungua sioni kwa nini kisiwezekane kwa mama anayekohoa. Labda ni kwa sababu mimba inaonekana, ilhali mgonjwa anaweza kushukiwa kwamba anajifanya.

Hata hivyo, mfuko kama huo usingemfikia mama bila kitu kingine. Mkataba wake ni wa mdomo. Sheria ya 2018 inasema mkataba usioandikwa usizidi siku 90 mfululizo. Mama ana miaka minne pale. Nilipomsomea kifungu hicho, akiwa ameketi juu ya mkeka na shuka mabegani, alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Usije ukakisoma kule." Nilikasirika. Nilimwambia ni haki yake. Akanijibu kwamba haki anaijua, na mwezi wa nne kodi ya nyumba inaijua pia.

Alirudi kazini siku ya 20, amepungua, kitambaa kimefungwa vizuri kichwani. Nafasi yake ilikuwepo, kwa kuwa nilikuwa nimeikalia. Msimamizi wa jiko alimpokea kwa furaha ya kweli, akamwuliza habari za mgongo. Mama akasema mgongo haujambo.

Mwisho wa mwezi nilikwenda kumsaidia kubeba unga aliopewa, nikaliona daftari la mahudhurio likiwa wazi juu ya meza. Mistari ni ya peni ya buluu, jina upande wa kushoto, alama za vema kulia. Nilitafuta zile siku zangu 19. Jina langu halikuwemo popote. Msimamizi, kwa wema wake au kwa kukwepa maelezo kwa bosi, alikuwa ameandika jina la mama kila siku na kulitia alama. Mwezi mzima, bila nafasi tupu hata moja. Kwa daftari lile, mama hakuugua.

Nilimwuliza mama kama nikipige picha kile kitabu kwa ajili ya insha yangu. Akanivuta mkono, tukatoka na unga wetu.