Kioo, Pazia na Neno: Historia ya Kuonyesha Matokeo ya Utafiti katika Milima ya Usambara

1.0 Utangulizi

Neno slaidi lina maana mbili katika Kiswahili cha leo, na wasemaji wake huzitumia bila kuziweka pamoja. Katika maabara ya hospitali, slaidi ni kipande chembamba cha kioo ambacho juu yake hutandazwa tone la damu ili litazamwe kwa hadubini. Katika ukumbi wa mihadhara, slaidi ni ukurasa mmoja wa maandishi au picha unaorushwa ukutani kwa projekta. Slaidi ya kwanza ni ya kutafuta jambo. Ya pili ni ya kulionyesha jambo lililopatikana. Baina ya hizo mbili kuna safari ndefu, na ni sehemu chache za Afrika ya Mashariki ambazo historia yake inaieleza safari hiyo kama milima ya Usambara. Kituo cha Amani, katika Usambara Mashariki, kilikuwa nyumba ya slaidi ya kwanza kwa miongo mingi. Vugiri, juu ya Korogwe, palikuwa kwa muda mfupi makao ya jaribio kubwa la kuonyesha maarifa kwa picha.

Mhadhara huu unafuatilia namna matokeo ya utafiti yalivyoonyeshwa, au yalivyokosa kuonyeshwa, kwa watu wa nchi yalikotoka. Hoja yake kuu ni kwamba upungufu wa zamani haukuwa wa vyombo. Ulikuwa ni upungufu wa kujua anayetazama ni nani, na kumsemesha kwa neno lipi. Upungufu huohuo unaonekana katika slaidi nyingi zinazoandaliwa vyuoni leo.

2.0 Amani na hadhira ya mbali

Taasisi ya Amani ilianzishwa na serikali ya Wajerumani mwaka 1902 kwa ajili ya utafiti wa biolojia na kilimo, chini ya uongozi wa Franz Stuhlmann. Bustani yake ya mimea ilikuwa kubwa, na ndani yake ilijaribiwa mimea ya nchi za joto kutoka pande nyingi za dunia. Kuanzia mwaka 1905 matokeo yalitangazwa katika jarida la Der Pflanzer, jina lenye maana ya mwenye shamba kubwa. Jina hilo lilimtaja msomaji waziwazi: alikuwa mlowezi wa Kijerumani. Ilhali katika miaka hiyohiyo ya mwanzo wa karne ya 20, shule ya serikali mjini Tanga ilikuwa ikichapisha gazeti la Kiswahili la Kiongozi. Kwa hiyo lugha ya kuwafikia wenyeji ilikuwapo, na mitambo ya chapa ilikuwapo. Kilichokosekana ni nia ya kuviunganisha na maabara.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, kituo kilipita mikononi mwa Waingereza, na mwaka 1927 kilifufuliwa chini ya William Nowell kuwa kituo cha utafiti wa kilimo cha Afrika ya Mashariki. Mwaka 1935 lilianza kuchapishwa East African Agricultural Journal. Lugha ilibadilika kutoka Kijerumani kuwa Kiingereza. Umbali wa hadhira haukubadilika.

Ubora wa kazi yenyewe hauna shaka. H. H. Storey na R. F. W. Nichols walichunguza magonjwa ya virusi ya muhogo, zao ambalo ndilo kinga ya njaa kwa kaya nyingi za pwani na nyanda za chini. Mwaka 1936 Storey aliueleza ugonjwa ambao leo unaitwa michirizi ya kahawia, na Nichols akazalisha mihogo yenye ukinzani kwa kuichanganya na jamaa zake wa porini, ukiwamo mpira wa Ceara. Yafaa kuyatazama majina ya Kiswahili ya magonjwa hayo. Batobato humwambia mkulima atazame mabaka kwenye jani. Michirizi ya kahawia humwambia atafute mistari kwenye shina na madoa ndani ya kiazi. Kila jina ni kama picha: linaelekeza jicho mahali pa kutazama. Ugunduzi ambao haujapata jina la namna hiyo ni vigumu kuonekana shambani, hata kama umechorwa vizuri katika jarida.

3.0 Kamusi ya Greenway: neno limetangulia

Yupo mtafiti mmoja wa Amani aliyetembea njia tofauti. P. J. Greenway, mtaalamu wa mimea, alikusanya majina ya mimea kwa Kiswahili na kuyachapisha Dar es Salaam mwaka 1937. Chapa ya pili ilitoka mwaka 1940. Katika kamusi hiyo, jina la Kiswahili ndilo linalotangulia, kisha hufuata jina la kisayansi na maelezo. Mtumiaji huanza na neno analolijua mkulima, mganga au mchonga mitumbwi, na kutoka hapo huongozwa hadi kwenye istilahi ya wataalamu.

Isikuzwe kupita kiasi kazi hiyo. Ilikusudiwa zaidi kuwasaidia maofisa, na wenyeji waliotoa majina hayo hawakupewa nafasi iliyolingana na mchango wao. Hata hivyo, mpangilio wake una funzo: maarifa huanzia pale msikilizaji alipo. Chapa ya kwanza ilitoka miaka miwili kabla ya kamusi sanifu za Kiswahili na Kiingereza za mwaka 1939, nayo inastahili kuhesabiwa miongoni mwa misingi ya istilahi za sayansi katika Kiswahili, pamoja na Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia iliyotolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili mwaka 1990.

4.0 Vugiri: sinema na santuri

Mwaka 1935, Baraza la Kimataifa la Wamisionari, kwa fedha za shirika la Carnegie la Marekani, lilianzisha huko Vugiri jaribio la sinema za elimu kwa Waafrika, lililojulikana kwa Kiingereza kama Bantu Educational Kinema Experiment. Wasimamizi wake walikuwa L. A. Notcutt na G. C. Latham. Hadi lilipokoma mwaka 1937, jaribio hilo lilikuwa limetengeneza filamu 35 hivi, zikiwamo zilizohusu safura, malaria ya watoto wachanga, mmomonyoko wa udongo na uchaguzi wa mbegu bora. Filamu zilibebwa kwa lori na kuonyeshwa Tanganyika, Kenya, Uganda, Rhodesia ya Kaskazini na Nyasaland.

Kwa historia ya uwasilishaji, jambo kubwa zaidi ni sauti. Maelezo hayakuchapwa kwenye filamu yenyewe. Yalirekodiwa katika santuri iliyochezwa sambamba na picha. Picha moja iliweza kusemeshwa Kiswahili mahali hapa na Kiganda mahali pengine. Mbinu hiyo ilikuwa na taabu zake, kwa kuwa santuri ikitangulia au ikichelewa, maneno huachana na picha. Lakini ndani yake mlikuwa na wazo la maana: picha na maneno ni mikondo miwili, na kila mmoja una kazi yake. Jicho lilitazama, sikio likasikiliza, na hadhira haikulazimika kusoma aya ndefu huku mtu mwingine akiisoma kwa sauti.

Kasoro ya Vugiri ilikuwa upande mwingine. Wazungu ndio walioamua Mwafrika aonyeshwe nini, na Mwafrika alihesabiwa kuwa mtu wa kurekebishwa. Aliulizwa kama ameipenda filamu. Ni nadra kuulizwa ni tatizo gani angependa lichunguzwe.

5.0 Kisa cha mbu mkubwa

Katika maandiko ya wakati wa ukoloni kuna kisa kilichosimuliwa mara nyingi. Wanakijiji walionyeshwa filamu ya malaria, na mbu akakuzwa hadi kulijaza pazia. Mwishoni wakasema kwamba hofu ya wageni inaeleweka, maana mbu wao ni wakubwa. Wa hapa ni wadogo, hawana neno. Kwa misingi ya visa kama hivyo, William Sellers, aliyeongoza kitengo cha filamu za makoloni kilichoundwa London mwaka 1939, alishauri filamu za Waafrika ziende polepole na ziepuke mbinu za kamera.

Mwanahistoria James Burns amekitilia shaka kisa hicho. Kimesimuliwa kuhusu nchi mbalimbali na wadudu mbalimbali, na mara nyingi msimulizi hakuwapo. Tena wapo wasomaji wa Kiswahili watakaokisikia kwa sikio jingine. Hadhira inayomwambia mgeni kwamba mbu wake ni mkubwa mno huenda haikushindwa kuelewa picha; huenda ilikuwa inatania.

Ukweli unaobaki ni mdogo lakini una faida. Picha iliyokuzwa bila kipimo ni nusu ya habari, kwa hadhira yoyote ile. Profesa wa fizikia akionyeshwa kirusi kisicho na mstari wa kipimo hatajua ukubwa wake. Punje ya mchele ikiwekwa kando ya mbu, swali hujibiwa kabla ya kuulizwa. Kosa lilikuwa la mchoraji, lakini lawama ilitupiwa mtazamaji.

6.0 Damu iliyokwenda na majibu yasiyorudi

Utafiti wa kilimo ulipohamishiwa Muguga, Kenya, mwishoni mwa miaka ya 1940, Amani palikuwa makao ya taasisi ya malaria ya Afrika ya Mashariki, chini ya D. Bagster Wilson. Hapo ndipo slaidi ya kioo iliposhika hatamu. Kazi yake mashuhuri ilikuwa mradi wa Pare-Taveta, mpakani mwa Tanganyika na Kenya, ambako nyumba zilinyunyiziwa dawa ya dieldrini kuanzia mwaka 1955 hadi 1959. Mwaka 1960 M. T. Gillies na A. Smith walieleza tokeo la kushangaza: mbu aitwaye Anopheles funestus, mwenezaji hodari wa malaria, alitoweka kwenye nyumba zilizonyunyiziwa, na nafasi yake ikashikwa na ndugu yake, Anopheles rivulorum, ambaye zaidi huuma wanyama.

Kwa watafiti, tone la damu lilikuwa namba katika jedwali. Kwa mama aliyeshika kidole cha mtoto wake kilipochomwa, lilikuwa ni damu iliyoondoka ndani ya sanduku. Luise White, katika kitabu chake cha mwaka 2000, ameonyesha jinsi uvumi kuhusu wanyonya damu ulivyoenea Afrika ya Mashariki wakati wa ukoloni. Pwani waliitwa mumiani. Uvumi huo una vyanzo vingi. Hata hivyo, ni dhahiri kwamba damu inapochukuliwa na jibu lisirudi, pengo linaachwa, na watu hulijaza pengo kwa hadithi waliyonayo. Kwa sababu hiyo, kurudisha matokeo ni deni, wala si hisani ya mtafiti.

7.0 Slaidi ya leo

Programu ya PowerPoint ilitoka mwaka 1987, na katika miaka iliyofuata ikaenea vyuoni kote. Mwaka 2003 Edward Tufte aliikosoa vikali kwa kukatakata hoja kuwa vidokezo visivyoungana. Mwaka huohuo Michael Alley alipendekeza kichwa cha slaidi kiwe sentensi kamili inayodai jambo, na chini yake kiwepo kielelezo cha kuthibitisha dai hilo. Richard Mayer naye, kwa majaribio mengi, alionyesha kwamba msikilizaji hujifunza vizuri zaidi kwa picha na sauti kuliko kwa picha, sauti na maandishi yanayorudia sauti ileile. Wazo la santuri ya Vugiri likawa limepata ushahidi wa maabara.

Kiswahili kinaifaa sana kanuni ya Alley. Kichwa kama "Athari za Unyunyiziaji wa Dieldrini" hutaja mada tu. Kichwa kama "Mbu mmoja alitoweka, ndugu yake akashika nafasi" ni tokeo lenyewe, nacho kina maneno saba tu, kwa kuwa kitenzi cha Kiswahili hubeba nafsi, wakati na tendo kwa pamoja. Chini yake yatosha mistari miwili ya grafu, mmoja ukishuka na mwingine ukipanda, kila mmoja ukiwa na jina lake pembeni. Kwa kuwa wapo watu wasiotofautisha nyekundu na kijani, mstari mmoja uwe mzito na mwingine wa vitone. Na kwa kuwa kumbi nyingi zina madirisha mapana na umeme hukatika, herufi ziwe kubwa na nyeusi juu ya weupe, na hoja iweze kuelezwa hata pazia likiwa tupu.

8.0 Hitimisho

Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu iliundwa kwa sheria mwaka 1979, na kituo cha Amani kikawa sehemu yake; baadaye shughuli zake nyingi ziliteremshwa Muheza. Maabara za mlimani zimebaki na makabati yake na ukimya wake. Wahenga walisema macho hayana pazia. Watu wa Usambara na Upare waliutazama utafiti muda wote, hata walipokuwa hawaonyeshwi kitu. Mtafiti anayeandaa slaidi leo angeanza vyema kwa kujiuliza swali moja kabla ya kuchagua rangi na herufi: mwenye damu ile angeketi safu ya mbele, angeondoka ukumbini amejua nini?