Jengo Lililosimama, Jirani Lililoanguka

Asubuhi ya Ijumaa, tarehe 7 Agosti 1998, lori lenye bomu lililipuka nyuma ya ubalozi wa Marekani katikati ya Nairobi. Ubalozi ulikuwa wa ghorofa tano, wa zege la nondo, na mifupa yake haikuanguka. Ufundi House, jengo la jirani, liliporomoka. Waliouawa ni 213, na kati yao watumishi wa ubalozi walikuwa 44. Wengine ni watu wa jirani na wapita njia ambao hakuna aliyekuwa na ugomvi nao. Kwa hiyo anayedhani kwamba ujenzi wa kuhimili milipuko ni suala la kuta nene tu hajaisoma vizuri asubuhi ile. Kinachoua zaidi ni jengo lenyewe: namna linavyoanguka, na vioo vyake. Kabla ya bomu, washambuliaji waliwarushia walinzi guruneti. Watu wa maofisi ya karibu wakasikia kishindo, wakakimbilia madirishani kuchungulia. Mlipuko mkubwa ukawakuta hapo, nyuso zao zikiwa mbele ya vioo vya kawaida, na wengi walipoteza macho.

Wahandisi walikuwa wamekwisha kuonywa. Mwaka 1968, katika jengo la Ronan Point jijini London, gesi ya jiko ililipuka kwenye ghorofa ya 18 na kona nzima ya jengo ikashuka hadi chini. Waingereza wakabadilisha kanuni zao ili kuharibika kwa sehemu moja kusiangushe jengo zima. Mwaka 1995 huko Oklahoma City, Marekani, bomu liliharibu nguzo chache za mbele za jengo la serikali, lakini karibu nusu ya jengo ikaanguka. Walikufa watu 168, wengi kwa kuangukiwa. Serikali ya Marekani nayo, baada ya mashambulizi dhidi yake huko Beirut, ilipokea mwaka 1985 ripoti iliyotaka balozi mpya zikae mita 30 kutoka barabarani. Ubalozi wa Nairobi ulijengwa kabla ya hapo, ukabaki umebanana na mtaa.

Wapo watakaosema dawa ni umbali, na shambulio la siku hiyohiyo kwenye ubalozi wa Marekani jijini Dar es Salaam linaelekea kuwaunga mkono: walikufa watu 11. Lakini lori la Dar lililipuka mita kama 11 tu kutoka ukuta wa ubalozi. Lililosaidia ni gari la maji lililolizuia getini, pamoja na kwamba Oysterbay ni mtaa wa nyumba zilizoachana, hauna maghorofa yaliyosongamana. Umbali unafaa, sibishi, ila ni wa mwenye ardhi. Ubalozi wa Marekani jijini Nairobi ulihamia Gigiri, nje ya katikati ya jiji, mwaka 2003. Moi Avenue, mtaa wa katikati ya jiji ulikokuwa ubalozi wa zamani, haiwezi kuhama. Wengine watasema gharama ni kubwa mno kwa miji yetu. Kuta za kijeshi, ndiyo. Ila kufunga nondo ili sakafu ishikilie nguzo moja ikikatika, na kuweka vioo vyenye utando wa plastiki katikati ili visiruke vipande, ni mambo ya kuamuliwa wakati mchoro bado uko mezani, na yanafaa hata mtungi wa gesi unapolipuka. Halmashauri na kaunti zinazopitisha michoro ya maghorofa ziyadai kwa kila jengo refu la katikati ya mji, lenye ubalozi jirani au lisilo nao.