Tengeru: Salio Tulilorithi



Sisi tunaoishi mbali, tukirudi likizo, tunapita Tengeru, tunanunua ndizi sokoni na kuendelea na safari. Watoto wakiuliza kuhusu Taasisi ya Nelson Mandela tunawajibu, "Ni chuo kikuu," yanaishia hapo. Lakini historia yake ni ndefu kuliko jina lake, nayo inatuhusu.

Enzi za mkoloni kilianzishwa kitengo cha kupima mashine za kilimo, TAMTU. Kazi yake ilikuwa kujaribu zana kabla hazijamfikia mkulima. Miaka ya 1970 ukaja mradi wa teknolojia rahisi wa Arusha, AATP, uliobuni mikokoteni na vifaa ambavyo fundi wa kijijini angeweza kuvitengeneza mwenyewe. Kimoja kilipima, kingine kilibuni. Kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1981 viliunganishwa, ikazaliwa CAMARTEC, Kituo cha Zana za Kilimo na Teknolojia Vijijini.

Kuanzia 1983, kwa msaada wa Wajerumani, CAMARTEC ilieneza mitambo ya biogesi: kuba la matofali chini ya ardhi, samadi ikiingia upande mmoja, gesi ikienda jikoni. Kwetu tunaofuga ng'ombe wawili watatu nyuma ya nyumba, samadi kupika chai ya asubuhi ilikuwa sayansi inayoeleweka hata kwa bibi.

Baadaye milki ya CAMARTEC pale Tengeru ikawa msingi wa chuo kipya. CAMARTEC yenyewe haikufa, iliendelea na kazi Arusha. Taasisi ya Nelson Mandela ilipokea wanafunzi wa kwanza mwaka 2011, na Rais Jakaya Kikwete akaizindua Novemba 2, 2012. Inafundisha shahada za uzamili na uzamivu tu, na wanafunzi wake hutoka nchi mbalimbali za Afrika.

Mimi ni mhasibu. Taasisi mbili zikiunganishwa, tunafunga vitabu vya zamani na kufungua vipya, lakini salio halifutwi, linahamishiwa ukurasa wa kwanza. Mali huhamishwa pamoja na madeni. Mali waliyorithi Tengeru si majengo tu, ni ile desturi ya kuanza na shida ya mwanakijiji. Na deni kubwa kuliko yote, kwa maoni yangu, ni maji.

Tunajua wenyewe. Miamba ya volkano ya Mlima Meru hutia madini ya floridi katika chemchemi na visima vyetu. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita, na sehemu nyingi za Maji ya Chai na Ngarenanyuki zimevuka hapo kwa mbali. Kuchemsha hakusaidii, kwani maji hupungua na floridi inabaki. Matokeo yake ni meno ya kahawia na, kwa wengine, mifupa iliyopinda. Mimi mwenyewe katika usaili wangu wa kwanza Dar es Salaam nilijibu maswali yote nikiwa nimeziba mdomo kwa mkono.

Kazi ya kulipa deni hilo imeanza. Kituo cha Ngurdoto kimetumia mkaa wa mifupa ya ng'ombe kuchuja floridi. Na mwaka 2015 Dkt. Askwar Hilonga, mhadhiri wa Nelson Mandela, alishinda tuzo ya ubunifu wa uhandisi Afrika, inayotolewa na Chuo cha Kifalme cha Uhandisi cha Uingereza, kwa chujio linalounganisha mchanga na chembe ndogo mno, linalorekebishwa kulingana na maji ya mahali husika.

Chujio lililoshinda tuzo bado si chujio lililopo shuleni. Umbali huo ndio wa kuufupisha sisi. Mwaka huu tunachangia vichujio vya maji kwa shule zetu za msingi, na ada za vijana wetu wa sayansi.

Kuchanga si jambo geni kwetu. Mwaka 1952 wazee wetu walitoa walichokuwa nacho, Kirilo Japhet akafika Umoja wa Mataifa, New York, kudai ardhi ya Engare Nanyuki. Wao walitusemea juu ya ardhi. Tuwasemee wajukuu wao juu ya maji, wacheke bila kuziba midomo.

Karibuni tuchange.