Safari: Neno Linalofunua

Kwa Mswahili, ipo safari ya Kigoma, ipo safari ya kisimani, na ipo hata ile ya “safari hii sikubali”, yaani mara hii. Waingereza walilichukua neno hili katika karne ya 19, na kwao likaishia zaidi mbugani kwenye simba na tembo. Kwetu limebaki pana.

Asili yake ni Kiarabu, *safar*. Mzizi huohuo hubeba pia maana ya kufunua: uso unapoondolewa utaji, au alfajiri inapopambazuka. Mwanazuoni wa Kiislamu Al-Ghazali aliziunganisha maana hizo: safari imeitwa hivyo kwa kuwa hufunua tabia za watu. Inasimuliwa pia kwamba Khalifa Umar, mtu alipomsifu mwenzake mbele yake, alimuuliza kama amewahi kusafiri naye.

Panda basi la Dar es Salaam kwenda Kigoma uone. Kabla ya Dodoma umeshamjua anayemmegea jirani muhindi wake wa kuchoma, na anayekunja uso mtoto wa mwenzake akilia. Nawe umejijua, maana huko hakuna wa kukutetea kwa jina la baba yako.

Wahenga walisema, “Tembea uone.” Tunayoyaona si miji tu, ni subira yetu, ukarimu wetu na upungufu wetu. Kwa hiyo wazazi, kijana akiomba ruhusa ya kwenda kuijua nchi yake, mpeni nauli na dua. Elimu hiyo haifundishwi nyumbani.