Elisabeth wa Austria

Elisabeth Amalie Eugenie (24 Desemba 1837 – 10 Septemba 1898), ambaye jamaa zake walimwita Sisi, alikuwa mke wa Kaizari Franz Joseph I wa Austria tangu 1854, na Malkia wa Hungaria tangu 1867, hadi alipouawa. Wengi wanamjua kwa uzuri wake na kwa sinema za mapenzi. Maisha yenyewe yalikuwa ya mwanamke aliyeikimbia ndoa, kasri na cheo kwa miaka karibu arobaini, na wanawe wakubwa ndio waliolipa sehemu kubwa ya nauli.

Ndoa

Alizaliwa Munich, Bavaria. Baba yake, Duke Maximilian Joseph, alipenda farasi, muziki na safari kuliko shughuli za kifalme, na watoto walikulia Possenhofen, kando ya Ziwa Starnberg, bila kubanwa sana na adabu za kasri. Agosti 1853 mama yake, Ludovika, alimpeleka Helene, binti mkubwa, kwenye mji wa Bad Ischl ili achumbiwe na Kaizari, kijana wa miaka 23. Elisabeth, mwenye miaka 15, alikwenda kama msindikizaji tu. Kaizari akampita Helene, akamtaka mdogo mtu.

Sophie, mama mzazi wa Kaizari, alikuwa dada mkubwa wa Ludovika. Kwa hiyo mama mkwe wa Elisabeth alikuwa pia mama yake mkubwa, na ilibidi iombwe ruhusa ya Papa kabla ya ndugu hao kuoana. Ndoa ilifungwa Vienna tarehe 24 Aprili 1854, bibi harusi akiwa na miaka 16.

Mambo yaliharibika mapema. Binti wa kwanza, aliyezaliwa 1855, alipewa jina la bibi yake, Sophie, na bibi huyo ndiye aliyeshika malezi yake na ya Gisela, aliyezaliwa mwaka uliofuata. Mwaka 1857 Elisabeth alishinda ubishi mmoja: akawachukua mabinti wote wawili katika ziara ya Hungaria. Wakaugua huko, na Sophie mdogo akafa akiwa na miaka miwili. Baada ya hapo mama hakuwa na hoja tena mbele ya mkwe wake. Rudolf, mrithi wa kiti, alipozaliwa 1858, naye alichukuliwa.

Mwaka 1860 alianza kukohoa na kudhoofika, akapelekwa kisiwa cha Madeira. Huko alipata nafuu. Aliporudi Vienna akaugua tena, akaondoka tena, safari hii hadi Corfu. Wanahistoria wengi wanaona kwamba ugonjwa mkubwa ulikuwa Vienna yenyewe.

Nywele na mwili

Alirudi akiwa ametambua kwamba uzuri wake ni nguvu, akaufanyia kazi kama ajira. Nywele zake zilishuka hadi karibu na vifundo vya miguu. Fanny Feifalik, msusi aliyetolewa kwenye jumba la maigizo la Vienna, alizichana na kuzisuka kwa saa mbili hadi tatu kila siku. Kuziosha, kwa kiini cha yai na konyagi, kulimaliza siku nzima. Inasimuliwa kwamba nywele zilizong'oka zilipaswa kuonyeshwa kwa bibi mwenyewe, na Fanny alijifunza kuzificha chini ya aproni. Muda huo wa kukaa kitini haukupotea bure: ndipo Elisabeth alipojifunza Kihungaria, na baadaye Kigiriki.

Alikuwa na urefu wa sentimita 172 na uzito wa kilo 50 hivi. Kiuno, kikiwa kimekazwa kwa kamba, kilikaribia sentimita 50. Ndani ya kasri aliweka vyuma na pete za kufanyia mazoezi, jambo lililowashangaza watu wa wakati wake. Alijinyima chakula na kutembea kwa saa nyingi hadi wasaidizi wake wakashindwa kumfuata. Tangu alipoingia miaka ya thelathini hakukubali tena kupigwa picha, na hadharani aliuficha uso kwa kipepeo cha mkono au mwavuli.

Hungaria

Siasa aliigusa mara moja kwa uzito. Aliwapenda Wahungaria, akawa na urafiki na kiongozi wao Gyula Andrássy, na akamsukuma mumewe akubali mapatano ya 1867 yaliyoigawa dola kuwa Austria-Hungaria. Juni mwaka huo wote wawili walitawazwa Buda. Binti wa mwisho, Marie Valerie, alizaliwa huko 1868, na huyo tu ndiye aliyemlea mwenyewe.

Rudolf

Mlezi wa kijeshi aliyepewa Rudolf, Leopold Gondrecourt, alimkomaza mtoto kwa vitisho, ikiwemo kumwamsha usiku kwa milio ya bastola. Mwaka 1865 Elisabeth alimwandikia mumewe kwamba ama aachiwe maamuzi yote juu ya watoto, ama aondoke. Gondrecourt akaondolewa. Barua hiyo ni tendo lake jema kuliko yote aliyomfanyia mwanawe, na ni vigumu kutaja la pili. Miaka iliyofuata alikuwa akiwinda kwa farasi Uingereza na Ireland, au akisafiri baharini hadi Afrika Kaskazini, na kijana akakua mbali naye.

Machi 1888 Count Sámuel Teleki, Mhungaria aliyeanza safari yake Pangani, alifika kwenye ziwa la kaskazini mwa Kenya na kuliita Rudolf, kwa heshima ya mrithi huyo. Jina hilo lilidumu hadi 1975, lilipobadilishwa kuwa Turkana. Tarehe 30 Januari 1889 Rudolf alikutwa amekufa katika nyumba ya uwindaji ya Mayerling, pamoja na mpenzi wake, Mary Vetsera wa miaka 17. Alimpiga risasi binti huyo kisha akajiua. Elisabeth ndiye aliyempasha Kaizari habari. Tangu hapo alivaa nyeusi, na Vienna hakukaa ila kwa vipindi. Alijenga kasri la Achilleion huko Corfu, kisha likamchosha.

Kifo

Tarehe 10 Septemba 1898 alikuwa Geneva kwa jina la kificho. Mchana alitoka hoteli ya Beau-Rivage na msindikizaji wake, Irma Sztáray, kuwahi stima. Luigi Lucheni, Mwitaliano wa miaka 25 mwenye siasa za kupinga serikali zote, alimrukia gatini akamchoma kifuani kwa tupa iliyonolewa ncha. Elisabeth alianguka, akainuka, akawashukuru waliomsaidia, akatembea hadi chomboni akidhani amepigwa ngumi. Kiuno kilichokazwa kilizuia damu kutoka haraka. Stima ilipokwisha ng'oa nanga alizimia. Walipomfungua nguo wakaona doa dogo la damu. Stima ikarudi, naye akafia hotelini.

Lucheni alikuwa amemkosa mwanamfalme mwingine aliyemkusudia. Aliomba anyongwe, lakini Geneva haikuwa na adhabu ya kifo. Mwaka 1910 alijinyonga gerezani.

Baada yake

Mashairi aliyoyaandika kwa siri, yenye kejeli kali kwa ukoo wa mumewe, aliagiza yahifadhiwe Uswisi kwa miaka mingi. Yalichapishwa 1984 chini ya uhariri wa mwanahistoria Brigitte Hamann. Kufikia hapo umma ulikuwa umezoea Sissi wa filamu tatu za Ernst Marischka, 1955 hadi 1957, zinazoishia kabla ya msiba wa Mayerling. Mwigizaji wake, Romy Schneider, alikataa ya nne. Aliigiza nafasi hiyo tena katika filamu ya Luchino Visconti, Ludwig, na humo Elisabeth ni mwanamke mchovu, mwenye ulimi mkali.