Kung'atuka: Neno na Historia Yake

Katika mwaka 1985 Afrika Mashariki ilishuhudia marais wawili wakitoka madarakani. Tarehe 27 Julai, Milton Obote wa Uganda alipinduliwa na jeshi. Tarehe 5 Novemba, Julius Nyerere wa Tanzania alimwachia kiti Ali Hassan Mwinyi kwa hiari yake. Kutoka ni kule kule, ila Kiswahili hakikukubali kuyaita mambo hayo mawili kwa jina moja. Hilo la pili kiliita kung'atuka.

Neno hili lilivumishwa na Mwalimu Nyerere mwenyewe, mzaliwa wa Butiama, kutokana na Kizanaki, lugha yake ya mama. Huko husemwa juu ya wazee wanaowaachia uongozi wa rika linalofuata. Hata hivyo, sikio la Mswahili halikuliona geni. Kama vile funga huzaa fungua na funguka, na ziba huzaa zibua na zibuka, ndivyo ng'ata iwezavyo kuzaa ng'atua na ng'atuka: meno yaliyouma yameachia.

Isichanganywe na ndugu zake. Mtu hustaafu umri au muda wa kazi ukitimia. Hujiuzulu anapojivua wadhifa, mara nyingi kwa kubeba dhamana ya jambo fulani. Mwinyi alijiuzulu uwaziri mwaka 1977 kwa sababu ya vifo vya mahabusu Shinyanga. Nyerere naye alijiuzulu Uwaziri Mkuu Januari 1962, na Desemba mwaka huo huo akawa Rais. Ajiuzuluye aweza kurudi. Ang'atukaye amekwisha kuwapisha wengine.

Je, Mwalimu aling'atuka kweli mwaka 1985, ilhali alibaki Mwenyekiti wa Chama hadi 1990? Swali ni la haki, maana Chama kilikuwa kimoja tu, nacho ndicho kilichoshika hatamu. Jawabu ni kwamba aling'atuka mara mbili: kwanza Urais, kisha uenyekiti. Meno hayakuachia yote kwa siku moja.

Kwa hiyo, ndugu walimu, mwanafunzi akiandika kwamba rais fulani "aling'atuka baada ya mapinduzi", hapana budi tumsahihishe. Kosa hilo si la msamiati peke yake. Anayemwita aliyeng'olewa kuwa ameng'atuka, amemvika heshima asiyoistahili, na amempunguzia yake yule aliyeachia mwenyewe.