Andazi: Jina Lake, Unga Wake na Mkono Uliouandaa

Kila asubuhi, kabla ya kengele ya shule kulia, watoto wengi wa nchi hii hupita kwenye meza ya mama muuza maandazi. Hununua, hula, kisha huingia darasani kujifunza historia. Ni nadra mmoja wao kujiuliza kama hicho alichokishika mkononi nacho kina historia yake.

Hivi karibuni kijana mmoja wa sekondari aliniletea swali. Nyumbani kwao kulikuwa kumenunuliwa kikaangio cha hewa, chombo cha umeme kipikacho bila karai la mafuta, na dada yake alikuwa amepika humo maandazi. Bibi yao aliyaonja, akayasifu kwa ulaini, kisha akasema: "Mjukuu wangu, huu ni mkate mzuri, lakini andazi silioni." Kijana akataka kujua ni nani kati yao mwenye haki. Nilimwahidi jibu, na jibu lenyewe ndilo makala haya.

Tuanze na jina. Andazi latokana na kitenzi andaa, maana yake kutengeneza kitu na kukiweka tayari, hususan chakula. Hapo zamani neno maandazi lilichukua mambo mengi kuliko leo. Lilikuwa jina la vyakula vilivyohitaji ufundi wa mpishi, hasa vile vya unga na vitamu, naye mpishi wa vyakula hivyo akiitwa mwandazi. Msomaji na atazame vyema: jina halitaji mafuta, wala halitaji karai. Wahenga walipokipa jina kitu hiki, walichokitaja ni kule kuandaliwa kwake. Tulihifadhi jambo hili, kwani tutalirejea.

Sasa tuutazame unga na vinavyotiwa ndani yake. Msafiri Ibn Battuta alipita pwani yetu mwaka 1331, akaeleza aliyoyaona. Mogadishu aliandaliwa wali uliopikwa kwa samli pamoja na vitoweo vya namna kwa namna. Mombasa aliwakuta watu wakila zaidi ndizi na samaki, na nafaka ikiletwa kwao kutoka sehemu nyingine za pwani. Mkate wa ngano haumo katika masimulizi yake hayo. Ngano haipendi joto la mwambao. Aghalabu ililetwa kwa jahazi, ikawa chakula cha wenye uwezo na cha siku kubwa.

Maneno yenyewe yatoa ushahidi. Sukari na hamira ni majina yaliyotoka katika Kiarabu. Iliki asili yake ni milima ya kusini mwa Bara Hindi, ingawa leo inamea vizuri Usambara na Uluguru. Kaimati, zile tufe ndogo zinazochovywa katika shira mwezi wa Ramadhani, ni ndugu wa luqaymat za nchi za Ghuba. Na chakula cha jamaa hiyo kimetajwa katika kitabu cha mapishi kilichoandikwa Baghdad mwaka 1226. Kabla ya hamira ya dukani kuenea, wapishi wa pwani walichanganya unga na maji, wakauacha uchachuke, ndipo wakautumia kuumulia unga mwingine. Na juu ya hayo yote likamiminwa tui la nazi, ambalo lilikwisha kuwa la watu wa pwani tangu kale. Hivyo mahamri ya Lamu, Mombasa na Unguja, yaliwayo kwa mbaazi za nazi, ni kazi ya bahari nzima. Vitu vilitoka pande nyingi. Mkono uliovikutanisha ulikuwa wa mwandazi wa pwani.

Andazi lilipoingia bara, ambako minazi ni haba, liliachana na tui, likakandwa kwa maji au maziwa. Ngano nayo ilitafutiwa shamba. Katika miaka ya 1970 na 1980 Serikali, kwa msaada wa Kanada na kupitia shirika la umma la NAFCO, ililima ngano kwa mashine katika tambarare za Hanang. Nia ilikuwa taifa lijitosheleze kwa unga wake. Lakini tambarare zile zilikuwa malisho ya Wabarabaig, na humo mlikuwa na makaburi ya wazee wao. Mgogoro huo ulifika mahakamani katika miaka ya 1980. Mwanafunzi wa historia hana budi kuyajua yote mawili: unga uliotoka kule, na mifugo iliyokosa malisho ili unga ule upatikane.

Ikaja dhiki. Baada ya Vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979, na kwa sababu ya bei ya mafuta ya petroli na ukame, bidhaa ziliadimika. Sukari, unga, sabuni na mafuta ya kupikia vilitafutwa kwa foleni. Mshahara wa mfanyakazi haukufika mwisho wa mwezi. Hapo ndipo wanawake wengi wa mijini walipoanza, au walipozidisha, biashara ya maandazi, vitumbua na barafu. Mwaka 1983 ilitungwa sheria ya nguvukazi, na jijini Dar es Salaam wachuuzi wasio na kibali wakakamatwa kama watu wasio na kazi. Hata hivyo, katika nyumba nyingi chakula cha jioni kilitokana na kazi hiyo hiyo.

Mimi ni mtoto wa miaka hiyo. Mama yangu aliamka saa kumi za usiku. Unga alikuwa ameukanda tangu jana, akaufunika kwa kanga karibu na mafiga ili uumuke. Mafuta aliyachuja na kuyatumia tena, akiyapima kwa kijiko kama dawa. Siku moja karai liliteleza, mafuta yakamwagikia mkono wake wa kuume. Alifunga kitambaa, akakaanga yaliyobaki kwa mkono wa kushoto, nami nikaenda kuyauza katika beseni. Kovu lile alizikwa nalo. Daftari nililojifunzia kuandika lilinunuliwa kwa maandazi hayo. Katika daftari hilo niliandika habari za masultani, magavana na vita vyao. Habari za mkono ule hazikuwamo katika somo lolote.

Turudi kwenye kikaangio cha hewa. Chombo hiki kilitokana na ubunifu wa Mholanzi Fred van der Weij, na kampuni ya Philips ikaanza kukiuza mwaka 2010. Ndani yake mna waya unaopata moto kwa umeme, na feni inayozungusha hewa ya moto kwa kasi kukizunguka chakula kilichomo katika kikapu chenye matundu. Mwandazi wa nyumbani huchukua nusu kilo ya unga wa ngano, sukari kiasi, hamira kijiko kimoja cha chai na nusu, iliki iliyotwangwa, na tui vuguvugu kikombe kimoja au kuzidi kidogo. Hukanda mpaka unga ulainike, huuacha uumuke hata uwe maradufu, husukuma, hukata, kisha huuacha uumuke tena. Huyapaka maandazi mafuta kidogo, akayaoka kwa joto la nyuzi 180 kwa dakika sita hadi nane, huku akiyageuza mara moja. Unga wa majimaji, kama wa kaimati au vitumbua, hauwezekani humo, kwani utachuruzika katika matundu.

Mafuta hupeleka joto upesi kuliko hewa. Andazi likiingia katika karai, ngozi yake hushika mara moja, mvuke wa ndani hulifutua, nalo hubaki na uwazi katikati. Katika hewa joto huingia polepole, na ndani hubaki na nyama laini kama ya mkate. Basi ulimi wa bibi haukukosea. Lakini jina liko upande wa mjukuu, maana alikanda, akaumua, akakata; aliandaa. Ngano, hamira na tui vimebadilika mara nyingi katika safari tuliyoieleza, wala jina halikukataa. Halina sababu ya kukataa leo kwa kuwa mafuta yamepungua.

Mwalimu Nyerere alipotangaza kuundwa kwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana mwezi Desemba 1962, alionya kuwa kufufua utamaduni wetu hakuna maana ya kukataa kujifunza kwa wengine. Onyo hilo lafaa hata jikoni. Lakini tuulize pia: chombo kipya kinamfikia nani? Kikaangio cha hewa huchukua maandazi machache kwa mara moja, nacho chataka umeme. Mama anayekaanga mia kabla ya alfajiri bado yuko mbele ya moshi na mafuta yachemkayo. Mwaka 2024 Serikali ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, wenye lengo la kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo mwaka 2034. Mafanikio yake yapimwe kwanza kwenye mikono ya mama huyo.

Kwa walimu nina ombi moja. Wapeni wanafunzi wenu zoezi la kwenda kwa muuza maandazi wa jirani, wamwamkie, wamwulize alijifunza kwa nani, anaanza kazi saa ngapi, na amesomesha watoto wangapi. Wayaandike majibu yake katika daftari la historia, pamoja na jina lake, endapo ataridhia.